Karamu ya Chamwino

 Nawaamkia ndugu zetu wa Ugogo, mbukwenyi, kwa kuwa mazungumzo yetu ya jioni hii yanawahusu wao kwanza kabla ya kutuhusu sisi wengine.

Nataka kunena juu ya tamasha la muziki wa Wagogo, ambalo tangu mwaka 2009 limekuwa likifanyika mwaka hadi mwaka katika kijiji cha Chamwino, upande wa mashariki wa jiji la Dodoma, mwendo wa kilomita zisizofika hamsini kwa njia ya Morogoro kisha kuchepuka. Huandaliwa na Kituo cha Sanaa cha Chamwino, na mwasisi wa kituo hicho ni Dakta Kedmon Mapana, mzawa wa Ugogo na mwalimu wa muziki katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye mwaka 2022 aliteuliwa kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa. Lakini mwasisi ni mmoja na wenyeji ni wengi, nami nakusudia kuwasema zaidi wenyeji. Kwa maana yako matamasha mengi katika nchi hii ambayo mwanakijiji huitwa ili acheze, akaonyeshwa mahali pa kusimama, akapigiwa makofi, akapewa nauli ya kurudia kwao, ilhali katika tamasha hili yeye ndiye aitaye watu, na yeye ndiye asimamaye mlangoni kuwapokea. Naamini kwamba uzuri wote wa Chamwino umetoka hapo, na kwamba siku litakapoondoka jambo hilo ngoma zaweza kubakia, ila tamasha litakuwa limekufa.

Huenda msikilizaji akaona kwamba kuwa mwenyeji ni jambo la kawaida, lifanywalo kila siku na kila mwenye nyumba. Katika nchi ya Wagogo halikuwa la kawaida hata kidogo. Nyanda hizi za kati, ambazo kwa mwaka wa kawaida hazipati mvua zaidi ya milimita mia sita hivi, na hizo karibu zote hushuka baina ya Desemba na Aprili, zilikuwa njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Na kila msafara, uwe wa Mwarabu au wa Mswahili, wa Mnyamwezi au wa Mzungu, ulilazimika kupita hapa baina ya visima vichache na mashamba ya uwele na mtama, ukalipa hongo kwa mtemi wa mahali, ndipo ukapewa ruhusa ya kuteka maji na kununua chakula. Wasafiri wa Kizungu, Burton aliyepita mwaka 1857, na Stanley aliyepita mwaka 1871, wote wawili walilalamika mno katika vitabu vyao juu ya hongo ile, wakawataja Wagogo kwa maneno mabaya. Walilalamika kama alalamikavyo kila mtu atozwaye ushuru. Lakini ni nani mwenye akili, akaaye katika nchi ambayo kiangazi chake ni cha miezi saba, atakayewaacha watu mia kadhaa pamoja na punda wao wamalize maji ya kisima chake kisha wajiendee? Hongo ilikuwa ni sheria ya mwenye nyumba kwa mpita njia, na mpita njia, ndugu zangu, si mgeni. Mgeni huja kwa ajili yako. Mpita njia huja kwa ajili ya mahali palipo mbele yako. Kwa karne nzima Ugogo ulikuwa na wapita njia wengi na wageni wachache.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na baada yao ya Waingereza yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka ghalani, yakachukua na vijana wenye nguvu wakawe wapagazi, na ukame ukafuatia juu ya hayo yote, hata ikazuka ile njaa ya mwaka 1917 hadi 1920 ambayo wazee wa Ugogo waliiita Mtunya. Waliokufa ni wengi, na waliohama ni wengi. Njaa nyingine zikaja nyuma yake, na kila ilipokuja moja, watu wa miji waliwaona Wagogo kwa namna ile ile tu, wakishuka katika treni na mizigo midogo. Basi ikajengeka dhana, ambayo hata leo husikika katika mizaha isiyo na adabu, kwamba Mgogo ni mtu wa njaa na mtu wa kuomba. Marehemu Mathias Mnyampala, mshairi mashuhuri wa Kiswahili, yeye mwenyewe Mgogo aliyezaliwa katika mwaka ule ule wa 1917, aliona haja ya kuandika kitabu juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, kikachapishwa mwaka 1954. Na sina shaka kwamba mtu hafanyi kazi ya taabu kama ile, tena kwa Kiswahili ili wasome na wasio Wagogo, ila akiwa amechoka kuwasikia watu wake wakitajwa na wasiowajua.

Ndiyo maana nikasema kwamba kuwa mwenyeji hapa si jambo dogo. Watu ambao taifa limezoea kuwataja kwa kukosa kwao, ndio hao ambao mara moja kila mwaka husafisha nyua zao, wakawaita watu wa vijiji jirani na wa mikoa ya mbali na wa nchi za ng'ambo, wakawalisha na kuwachezea ngoma. Mimi siioni kashfa ile ikijibiwa kwa maneno yaliyo bora kuliko kitendo hicho.

Wakati wenyewe umechaguliwa kwa hekima. Tamasha huangukia kipupwe, aghalabu katika mwezi wa Julai, ambapo uwele na mtama umekwisha vunwa na kupurwa, kazi za shamba zimelala, njia ni kavu hata gari dogo lapita, na mtu hawezi kumwambia mwenziwe kwamba ana palizi. Upepo wa msimu huo ni mkali, na usiku huwa na baridi ambayo mtu wa pwani hakuitazamia. Wazee hujifunika mablanketi, na vumbi jekundu hupanda mpaka kwenye kope. Atakaye kwenda na ajue hayo, achukue sweta.

Chakula cha mahali ni ugali wa uwele, mweusi kidogo na mzito, ambao ukiuzoea ule wa mahindi meupe waonekana kuwa hauna ladha, pamoja na mlenda. Naomba ruhusa ya kusema neno juu ya mlenda, kwa sababu watu wengi huudharau pasipo kuujua. Majani yake huchumwa wakati wa masika, mengine shambani na mengine porini, yakaanikwa juani hata yakakauka kabisa, yakatwangwa na kuhifadhiwa. Basi kiangazi kinapofika, ambapo hakuna jani bichi hata moja nchini, mama huchota unga ule kidogo, akautia katika maji yanayochemka, akaongeza karanga zilizosagwa, na kwa dakika chache nyumba nzima ina kitoweo. Hiyo ni elimu ya watu waliojua kwamba mvua itakoma na wakajiweka tayari. Mgeni alaye mlenda katika mwezi wa Julai amekula kazi iliyofanywa tangu Februari, na mama aliyempakulia amempa sehemu ya akiba yake ya miezi ya mbele, wala hakumpa makombo. Mtu akilijua hilo hatakula kwa kusitasita, wala hatauliza kama hakuna wali.

Sasa tuje katika muziki wenyewe, ambao ndio sababu ya watu kukusanyika.

Katika makabila mengi ya nchi yetu ngoma hupigwa na wanaume, na wanawake huitikia na kucheza. Wagogo wana muheme, na katika muheme wapigaji ni wanawake. Ngoma zao zina kiuno chembamba katikati, zimewambwa ngozi upande mmoja, na kila mwanamke huibana yake baina ya mapaja, akaipiga kwa viganja vyake viwili hali amesimama, na huku aimba, na huku aruka. Kabla ya kuanza utawaona wameziinamisha ngoma kandokando ya moto wa kuni, kila mmoja akiigeuza yake polepole, akiigusa ngozi kwa ncha za vidole, akisikiliza, akiirudisha tena motoni. Na jambo lililonivutia ni kwamba hawaulizani kama tayari, bali yule mkuu wao huinua ngoma yake akapiga mapigo mawili matatu, na wengine hupiga kidogo kufuata, na aliye chini ya wenziwe hurudi motoni bila ya kuambiwa. Nimemwona mama mmoja wa makamo, mwenye mtoto mgongoni, akirudi motoni mara tatu kwa ngoma ambayo masikio yangu yalikuwa yamekwisha kuridhika nayo tangu mara ya kwanza. Kisha wakasimama safu, na mlio ulipotoka ulikuwa mmoja, wala usingeweza kuhesabu mikono.

Asili ya muheme ilikuwa katika mambo ya unyago, mahali ambapo mwanamume hakuwa na haki ya kusogea. Leo huchezwa katika hadhara, harusini na katika kupokea viongozi, na Dakta Mapana mwenyewe amepata kuandika juu ya mabadiliko hayo katika jarida la wataalamu mwaka 2007. Wako wanaosikitika kwamba kitu cha siri kimetolewa nje. Nawaheshimu, lakini siwafuati. Kwa maana kama muheme ungalibakia ndani ya unyago peke yake, na unyago wenyewe ukazidi kupungua mwaka hata mwaka kama tuonavyo, basi leo tungekuwa tunawauliza vikongwe wawili watatu ulikuwaje. Bora ngoma iliyotoka nje kuliko ngoma iliyozikwa.

Ukiacha muheme kuna nindo, kuna msunyunho, kuna chipande, na nyimbo za jando ziitwazo makumbi, ambazo kila moja ina wakati wake na watu wake. Na kuna vyombo vya kupigwa na mtu mmoja au wachache, zeze na marimba, ambayo Wagogo wenyewe huita ilimba. Marimba ya Wagogo ni sanduku la mti lenye vyuma vyembamba vilivyopangwa juu yake, na mpigaji huvigusa kwa vidole gumba. Jambo la ajabu ni kwamba si vyuma vyote viguswavyo: baina ya vile vinavyopigwa vimewekwa vingine ambavyo kidole hakivifikii, na kazi yake ni kuitika tu wakati jirani yake anapolia. Tena juu ya ubao hutobolewa tundu, nalo likazibwa kwa utando wa buibui, ule mweupe uliotunza mayai yake, ili sauti itoke na mtetemo wa kuvuma. Fundi anayetaka kutengeneza marimba yampasa basi awe mhunzi kidogo, seremala kidogo, na mtu ajuaye buibui gani hutaga katika ukuta gani wa tembe. Nikiona jinsi chombo hicho kilivyofikiriwa hushindwa kuelewa vipi sisi wenyewe tumekubali kukiita kitu cha kishamba.

Na nyimbo zao ni za sauti nyingi kwa pamoja, kila kundi na njia yake, jambo ambalo wageni walidhani halipatikani ila katika makanisa ya Ulaya. Wala hawakujifunza kwa wamisionari, bali chanzo chake ni asili yenyewe ya sauti. Uzi mmoja wa zeze ukiguswa kidogo tu katikati yake, hutoa sauti ya juu iliyokuwa imefichika ndani ya ile ya kwanza, na ukiguswa penye theluthi yake hutoa nyingine tena, na penye robo nyingine. Wataalamu kama Gerhard Kubik wa Austria na Polo Vallejo wa Hispania, huyu wa pili akiwa ametumia miaka mingi ya maisha yake katika vijiji vya Ugogo, wamekwisha eleza kwamba ngazi ya sauti za Kigogo imetoka katika mpango huo wa asili, uliomo ndani ya kila uzi na kila koo la mwanadamu. Kwa hiyo mtu asikiaye nyimbo hizi kwa mara ya kwanza, akihisi kwamba zinamgusa mahali asipopajua, hajadanganyika.

Nani kati yetu, katika zama za Radio Tanzania Dar es Salaam, asiyeikumbuka sauti ya marehemu Hukwe Zawose? Alizaliwa katika mkoa huu wa Dodoma, Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam katika miaka ya 1960, akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akazunguka dunia na zeze lake na marimba yake, akarekodi katika studio ya Real World kule Uingereza, hata akafariki Desemba 2003. Jamaa zake wameendelea: mwaka 2024 Pendo na Leah, mmoja binti yake na mwingine mjukuu, walitoa albamu iitwayo Maisha, wakipiga wao wenyewe ngoma na vyombo ambavyo zamani mwanamke wa ukoo ule alikuwa mwitikiaji tu. Hayo ni ya fahari. Lakini kwa Zawose mmoja aliyesikiwa Tokyo na London, wako mafundi makumi kwa makumi katika vijiji kama Nzali na jirani zake, ambao hawakupata kuvuka mto Wami, na wao hawana jukwaa jingine ila hilo la Chamwino. Pale fundi hupimwa na watu wanaojua. Mzungu humpigia makofi kwa kila kitu. Lakini bibi wa Kigogo aliyekaa chini na fimbo yake, ambaye ameusikia wimbo ule tangu akiwa tumboni, yeye akitikisa kichwa kwamba sivyo, basi sivyo, na hakuna hati ya utaalamu itakayosaidia.

Katika jambo hili la wenyeji kuwa na shughuli yao wenyewe, Chamwino haiko peke yake. Kule Usukumani iko sherehe ya Bulabo, ambamo makundi mawili makubwa ya wachezaji, Bagika na Bagalu, hushindana kuvuta watu, na asiyejua mashindano yale atadhani kuna ugomvi. Kule Makunduchi, kusini ya Unguja, wenyeji huoga mwaka wao katika mwezi huu huu wa Julai, wakapigana kwa migomba hasira zikatoka, wakachoma kibanda cha makuti, na kwa desturi yao nyumba iliyokosa mgeni wa kula nayo siku ile haina raha. Nimetaja mifano hiyo miwili kwa sababu katika kila mmoja wenye shughuli wangeifanya hata kama asingekuja mtu wa nje hata mmoja. Hicho ndicho kipimo. Maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni, jijini Dodoma, yana faida yake, na mkulima hujifunza mengi kwa mbegu na mashine. Lakini ondoa serikali na makampuni, na asubuhi yake Nzuguni ni uwanja mtupu. Ondoa wafadhili wote Chamwino, na naamini akina mama wataendelea kuwasha moto wa kukazia ngozi, ingawa wageni wa mbali watapungua na nyama itakuwa haba.

Sasa nije katika lile linalonitia wasiwasi. Kijiji hiki si kijiji cha pembeni tena. Mwalimu Nyerere alikuja hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970 akafyatua matofali pamoja na wanakijiji wa ujamaa. Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Uamuzi ule ukakaa miongo minne na zaidi hata serikali ilipoanza kuhamia kweli kweli mwaka 2016. Dodoma ikatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Na Mei 2023 ikazinduliwa Ikulu mpya papo hapo Chamwino. Tangu mwaka 2024 mtu apanda treni ya umeme Dar es Salaam asubuhi akala chakula cha mchana Dodoma. Haya yote ni maendeleo, nami siyapingi. Ila mji unapokuja huja na vipimo vya viwanja, na kiwanja kikipimwa hupata bei, na bei ikipanda mwenye shamba la uwele huuza. Na akishauza akahamia mbali, nani atakayekuwa mwenyeji? Wapita njia wamerudi Ugogo, safari hii wamevaa suti, na baadhi yao wamejenga. Swali ambalo watemi wa zamani walilijibu kwa hongo, wajukuu wao hawana budi kulijibu kwa namna nyingine, nalo ni hili: anayefika hapa atapata kibali kwa nani?

Hatari ya pili ni ndogo kwa macho lakini haipungui kwa athari, nayo ni jukwaa. Ngoma ya Kigogo ilitengenezwa kwa duara, mtazamaji akiwa hatua mbili kutoka kwa mchezaji, naye akiwa na ruhusa ya kuingia aitikie. Mara mtu atakapoleta jukwaa refu, na vipaza sauti vya kuumiza masikio, na ratiba inayompa kila kundi dakika kumi ili mgeni rasmi awahi kuondoka, basi yule bibi wa fimbo atakuwa nyuma ya kamba, na utando wa buibui hautasikika. Nawaomba waandalizi, na najua wanayafahamu haya kuliko mimi, wakubali kuwakasirisha wafadhili kidogo kuliko kuikasirisha ngoma. Mwimbaji akihitaji dakika arobaini, na apewe. Waziri atangoja, Mungu akipenda atafurahi kungoja.

Mwalimu alipolihutubia Bunge Desemba 1962, akitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alisikitika kwamba wasomi wetu walijivunia dansi za kigeni na hawakuzijua ngoma za kwao. Leo Bunge hilo hukaa Dodoma, na Bunge la bajeti huanza Aprili likamalizika mwishoni mwa Juni, wiki chache tu kabla ya ngoma za Chamwino kuanza kulia. Waheshimiwa wetu hufunga mizigo yao wakaenda majimboni, na makatibu na maofisa wakaenda likizo, na wengi wao wamekaa katika jiji hili miaka kadhaa wasipate kusikia muheme ila ule wa kuwapokea wakubwa uwanja wa ndege. Siwalaumu kwa ubaya. Nawaalika, ingawa mwaliko si wangu kuutoa. Ni wa wenye kijiji, nao walikwisha utoa tangu mwaka 2009.

Basi, msikilizaji, ikiwa waishi Dodoma, uliza siku za tamasha mapema, upange safari yako, ambayo haimalizi saa moja na nusu hata kwa basi la kusimama kila kituo. Mchukue na mtoto, hasa yule asemaye kwamba kwao ni Dodoma na hajui wimbo wa Kigogo hata mmoja. Ukifika, amkia wazee kwanza kabla ya kutoa simu ya kupigia picha, na kabla ya kumpiga mtu picha mwombe ruhusa. Utakaposikia fundi aliyekupendeza, mtuze fedha mkononi kama ilivyo desturi ya ngoma zetu zote, wala usidhani kwamba chakula alichopewa kinatosha kuwa ujira. Ukitaka kununua marimba au zeze, nunua kwa aliyelitengeneza, kwa bei anayoitaja. Na wewe kijana wa Ugogo uliye Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo, ambaye hukuisikia ngoma ya bibi yako tangu ulipomaliza shule, nakusihi zaidi ya wengine wote: nauli ya kwenda Chamwino katika mwezi wa Julai itoe mapema katika mshahara wako, na ukifika usikae katika viti vya wageni. Ingia jikoni, uliza kuna kazi gani.